Ajenti asema atanitafutia mtu wa kupigwa eksirei kwa niaba yangu

Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 26 kutoka Kaunti ya Nyamira, upande wa Nyansiongo. Nilisomea utunzaji wa wagonjwa katika chuo kimoja mjini Kisii lakini kazi sijapata, kwa hivyo namsaidia mama kuchuma majani chai. Ajenti mmoja mwenye ofisi Kisii aliniambia kuna nafasi Saudia, kazi za nyumbani pamoja na kumtunza bibi mzee. Anataka Sh180,000. Pasipoti yangu tayari iko kwake. Mama ameahidi kunipa bonasi yote ya chai ikija Oktoba, na mjomba yuko tayari kuuza ng'ombe.

Nina mambo mawili yanayoninyima usingizi. Mwaka 2019 niliugua kifua kikuu, nikameza dawa miezi sita, nikapona. Nyumbani, mama peke yake ndiye anayejua. Wengine waliambiwa ni nimonia. La pili, mwaka 2022 tulizozana na baba mdogo juu ya mpaka wa shamba. Mimi na kaka yangu tulikamatwa, tukachukuliwa alama za vidole na kufikishwa mahakama ya Keroka kwa kosa la kuzua vurugu. Wazee walitukalisha chini, tukapatana, na kesi ikaondolewa.

Nilipomweleza ajenti haya alicheka. Alisema nikiongeza Sh30,000 atanitafutia msichana wa kupigwa eksirei kwa niaba yangu, na kwa Sh20,000 nyingine atanipa cheti cha tabia njema kilicho safi. Anasema kila mtu hufanya hivyo. Shangazi, nikikataa si nitakuwa nimetupa bahati ya nyumba nzima? Mama ameshawaambia majirani.
— Nimekwama, Nyamira

Mwanangu, tuanze na eksirei, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kuamua safari hii, na ajenti wako anapanga uifikie wakati pesa zimeshatoka.

Vipimo vya afya vya Ghuba havifanywi popote upendapo. Hufanywa katika vituo vilivyoidhinishwa na Baraza la Afya la nchi za Ghuba, ambavyo hapa Kenya utavipata Nairobi na Mombasa. Miadi huwekwa kwenye mtandao wao uitwao Wafid. Watakutoa damu kuangalia virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Wanawake hupimwa mimba. Kisha kifua hupigwa eksirei. Majibu hayapiti mkononi mwako: kituo huyaingiza kwenye mtandao, na unaandikwa kuwa unafaa au hufai. Ukiandikwa hufai kwa Saudia, usidhani utaruka ukajaribu Qatar au Kuwait wiki ijayo, kwani nchi hizo zinasoma daftari moja.

Kuhusu kifua kikuu, kanuni zao ni kali kuliko za nchi nyingi. Hawaulizi tu kama unaumwa sasa. Kovu la ugonjwa wa zamani likionekana kwenye pafu laweza kukuangusha, hata kama ulimaliza dawa na humwambukizi mtu. Mimi naona ni uonevu. Mtu aliyemeza vidonge miezi sita bila kukosa siku anastahili pongezi, lakini kanuni ni yao na viza ni yao.

Sasa mpango wa ajenti. Vituo hivyo hukagua pasipoti ya anayepimwa na kumpiga picha, kwa hivyo huyo msichana wa kukodiwa huenda akakamatwa mlangoni. Lakini tuseme amepita. Tuseme umepanda ndege na umefika Riyadh. Kabla ya kupewa kibali cha ukaazi, kile wanachokiita ikama, utapimwa afya upya, na safari hii pafu litakalowekwa mbele ya mashine ni lako. Kovu lililofichwa Nairobi litaonekana huko, na utarudishwa nyumbani. Ng'ombe wa mjomba atakuwa ameshauzwa, bonasi imeliwa, na ajenti atakuambia kwamba yeye alitimiza wajibu wake kwa kukufikisha. Hilo hakukueleza alipokuwa anacheka.

Kwa hivyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, umwombe daktari akuandikie eksirei ya kifua. Mwambie ukweli kwamba uliwahi kutibiwa na ungependa kujua kama pafu lilibaki na alama. Omba ripoti ya maandishi ya mtaalamu wa picha. Eksirei hiyo ni yako, utaitia kwenye bahasha ukaenda nayo nyumbani, na haiingii kwenye mtandao wa Ghuba. Kisha rudi pale ulipotibiwa 2019 uombe muhtasari wa matibabu: ulianza lini, ulimaliza lini, na makohozi yalionyesha nini mwishoni. Kliniki za kifua kikuu huweka rejista, kwa hivyo usikate tamaa ukiambiwa kadi imepotea.

Huenda unalia bure, binti yangu. Wako watu waliotibiwa mapema ambao pafu lao halikubaki na alama ya kuonekana. Kama ripoti itasema kifua ni safi, utaenda Nairobi kupimwa kwa jina lako na kifua chako, na ukiulizwa kuhusu historia yako utajibu kweli huku muhtasari ukiwa mkononi. Kama kovu lipo, utakuwa umelijua kwa gharama ya eksirei moja, si kwa Sh230,000. Hapo mlango wa Ghuba uuhesabu umefungwa, na usimlipe mtu yeyote anayedai ana ufunguo wake.

Kufungwa huko hakumaanishi dunia yote imefungwa. Uingereza, kwa mfano, humtaka Mkenya anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita apimwe kifua kikuu katika kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Nairobi. Wanachotafuta wao ni ugonjwa ulio hai. Eksirei ikiwatia shaka hutaka makohozi ya siku tatu mfululizo na kuyaotesha maabarani, kazi inayoweza kuchukua wiki nane, na yakitoka safi unapewa cheti kinachodumu miezi sita. Natoa mfano huu ili ujue kwamba pafu lile lile huhukumiwa tofauti mahali tofauti. Lakini usimruhusu ajenti mwingine akuuzie kazi ya kutunza wazee Uingereza: nchi hiyo ilifunga mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka ng'ambo tarehe 22 Julai 2025. Ujerumani ilitia saini mkataba wa wafanyakazi na Kenya Septemba 2024, ila huko ni lugha kwanza, na huwezi kujifunza lugha kwa mwezi mmoja.

Tuje kwa polisi. Hapa hali yako ni nzuri kuliko unavyodhani, na ajenti wako anataka kuiharibu.

Cheti cha tabia njema hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Unaomba mwenyewe kwenye eCitizen, ada yake ni Sh1,050, unachapisha fomu ya C24 karatasi moja pande zote mbili, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Si lazima upande matatu ya Nairobi, kwani Huduma Centre ya Nyamira na ya Kisii zinahudumia watu kwa jambo hili. Wachuma chai nawapa angalizo: utomvu wa majani na kazi ya jembe hula mistari ya vidole, na fomu yenye alama hafifu hurudishwa. Pumzisha mikono siku kadhaa, uipake mafuta usiku, na uende ikiwa safi.

Je, kesi ya Keroka itajitokeza? Inaweza. Alama zako zilichukuliwa uliposhtakiwa, na rekodi ya polisi haijui kwamba wazee walikaa mkapatana na baba mdogo wako. Inachojua ni kwamba mtu fulani alishtakiwa. Mwisho wa kesi usipopelekwa DCI, shtaka linaweza kubaki hapo kana kwamba bado linasikizwa.

Dawa yake ni karatasi ya mahakama. Nenda kwenye sajili ya mahakama ya Keroka ukiwa na nambari ya kesi (kama umeipoteza, tumia majina yenu na tarehe mliyofikishwa) uombe nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi na amri ya mwisho. Soma imetajwa kifungu gani cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kama ni kifungu cha 204, mlalamishi mwenyewe ndiye aliyeondoa malalamiko kwa ruhusa ya korti, na sheria inasema mshtakiwa huachiliwa kama asiye na hatia. Kama ni 87(a), upande wa mashtaka ndio uliojiondoa. Umeachiliwa, lakini kisheria unaweza kushtakiwa tena, na hapo ningetafuta nusu saa ya wakili. Kwa jinsi ulivyosimulia, nadhani ni 204. Nakala hiyo uipeleke DCI, makao makuu yakiwa Barabara ya Kiambu, Nairobi, uombe rekodi irekebishwe ionyeshe kesi ilivyoisha. Itachukua muda na pengine zaidi ya safari moja. Ndiyo maana uanze mapema, kabla ya Oktoba.

Sasa iweke njia hiyo kando ya cheti cha Sh20,000 anachokuuzia ajenti. Kughushi hati ni kosa la kifungo chini ya Kanuni ya Adhabu, na anayeitumia hati hiyo akijua ni bandia huadhibiwa sawa na aliyeighushi. Leo huna hatia yoyote. Ukikiwasilisha cheti hicho ubalozini utakuwa umejitafutia kosa la kweli ili ufiche kosa ambalo korti haikukupata nalo. Na jina kwenye karatasi litakuwa lako, si la ajenti.

Kuna jambo moja dogo linalowarudisha wengi nyuma, hasa dada zetu: majina. Kitambulisho, kwa mfano, kinasema Kwamboka, cheti cha KCSE kinaanza na jina la ubatizo, pasipoti imebeba jina la baba. Yalinganishe yote sasa, herufi kwa herufi, kabla hujaomba cheti chochote. Na chanjo ya homa ya manjano usiiache hadi mwisho, kwani huchanjwa angalau siku 10 kabla ya safari.

Kuhusu hiyo Sh180,000. Kwa kazi za nyumbani Saudia, gharama za viza, tiketi na kuajiriwa hubebwa na mwajiri. Anayekudai kiasi kama hicho anakuuzia kitu ambacho mwajiri wa Saudia ameshakilipia. Mwombe nambari ya leseni, kisha ulitafute jina la kampuni yake kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Omba pia kuuona mkataba wa kazi wenye jina la mwajiri na mshahara. Barua yako ndefu haina jina la mwajiri hata mara moja, na hilo limenitisha kuliko kovu la pafu lako.

Anasema kila mtu hufanya hivyo. Wanaofanya hivyo na kurudishwa hawampitii ofisini kumpa ushuhuda. Hurudi usiku, wakashuka Keroka wamejifunika leso, na kijijini huambiwa walikuja likizo.

Kwa mama yako usikae kimya. Yeye anaijua siri ya 2019, lakini hajui kwamba siri hiyo ina uzito katika viza, na mwanamke aliyechuma majani mwaka mzima akiisubiri bonasi ana haki ya kujua pesa zake zinawekwa mahali gani. Mwambie kabla ya kwenda hospitali, mwende pamoja ikiwezekana. Mjomba naye aambiwe ng'ombe asubiri. Si lazima umweleze kifua kikuu: mwambie tu karatasi hazijakamilika, na huo ni ukweli. Majirani watapata habari nyingine za kuzungumza.

Bahati ya nyumba nzima hujaitupa, kwa sababu bado hakuna bahati mezani. Kuna ahadi ya mtu aliyekupendekezea makosa mawili ya jinai katika mazungumzo yale yale.

Jumatatu asubuhi nenda Kisii na kaka yako mkachukue pasipoti. Ni mali ya Serikali ya Kenya, umekabidhiwa wewe, na hakuna ajenti anayeruhusiwa kuishika kama rehani. Akiwazungusha, msibishane naye: tokeni hapo moja kwa moja hadi kituo cha polisi cha Kisii mkaandikishe ripoti, na mpewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.