Damu ya Baba, Damu ya Mama

Wanandoa, mtoto anapolia kila mara kwa maumivu ya mifupa, akaishiwa damu, na hospitali ikasema ana ugonjwa wa selimundu, mara nyingi lawama humwangukia mama: "Kwetu ugonjwa huu haupo." Tujifunze ukweli.

Kila mtu hupokea jeni mbili za himoglobini: moja kwa baba, moja kwa mama. Jeni ya kawaida tuiite A, na ya selimundu S. Mwenye AA hana S. Mwenye AS kwa kawaida ni mzima, lakini anaweza kumrithisha mtoto S. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Basi mtoto wa SS amepokea kwa wazazi wote wawili.

Jaribuni nyumbani, mkijifanya nyote ni AS. Kila mmoja atie kikombeni punje moja ya hindi (A) na moja ya haragwe (S). Fumbeni macho, kila mmoja atoe punje moja. Hizo mbili ndizo mtoto. Andikeni, rudisheni punje, mrudie mara 40. Mtapata karibu robo AA, nusu AS, robo SS.

Kwa nini kurudisha punje? Kwa sababu kila mimba huanza upya. Aliyepata mtoto mmoja SS asidhani watatu wanaofuata watakuwa salama. Lakini mmoja akiwa AA na mwenzake AS, hatarajiwi mtoto wa SS.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa watu wa mbali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Gilgil katika Bonde la Ufa hili hili, alipima damu za Wakenya mwaka 1949. Aliwakuta wenye S wengi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: AS humkinga mtoto na malaria kali. Lakini Naivasha na Ndabibi tumehamia kutoka kila pembe, na jeni husafiri na mwenyewe.

Nendeni pamoja mkapimwe aina ya himoglobini. Kundi la damu ni jambo jingine: mtu wa kundi A anaweza kuwa AS. Na majibu yakija, pasiwe na mshtaki wala mshtakiwa. Aliye na S hakuichagua. Naye aliipokea kwa wazazi wake.

Zoezi: Baba ni SS, mama ni AA. Watoto watakuwaje? Jadilianeni kabla ya kulala.