Kompyuta ya Kubeba Isiyo na Betri

Mwaka 1984 kampuni ya Commodore ya Marekani iliuza kompyuta iitwayo SX-64. Kwa ndani ni ile ile Commodore 64 ya nyumbani, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, ila humu skrini ya rangi ya inchi 5 na mashine ya kusomea diski vimewekwa katika sanduku moja lenye mpini. Kibodi ndiyo mfuniko wake.

Iliitwa ya kubebeka, lakini ilizidi kilo 10 na haikuwa na betri. Ukifika uendako, kwanza utafute soketi ya umeme!

Linalostahili kusomwa zaidi ni rangi. Commodore 64 ikiwashwa huandika kwa bluu hafifu juu ya bluu iliyokolea. Kwenye skrini ndogo hayo yangesomeka kwa taabu, hivyo SX-64 ikawekewa herufi za bluu juu ya nyeupe. Uamuzi wa busara, kwa maoni yangu. Lakini programu iliyochagua herufi nyeupe bila kupanga rangi ya nyuma, kwa kutegemea bluu iliyozoeleka, sasa iliandika nyeupe juu ya nyeupe. Programu inaendelea na kazi, hakuna kosa linalotangazwa, na mtumiaji haoni neno. Dawa ni amri moja, POKE 53281,6, inayorudisha bluu.

Tundu la kinasa kaseti nalo liliondolewa, kwa kuwa diski imo ndani. Mwenye michezo yake kwenye kaseti ilimbidi aihamishie kwanza kwenye diski, na kwa hilo alihitaji Commodore 64 ya kawaida.