Kuvumzizi: Istilahi na Uhai Uliofichika Ardhini

Neno "kuvu" katika Kiswahili limezoeana na uharibifu. Hutajwa mkate ukikaa siku nyingi, au nguo ikikunjwa na unyevu wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa picha hiyo ni finyu, kwani mimea mingi ya nchi kavu huishi kwa kutegemeana na kuvu zilizomo mizizini mwake.

Mnamo 1885, Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyekuwa ametakiwa na serikali ya Prussia kuchunguza ukuzaji wa uyoga wa thamani uotao chini ya ardhi, aliona mizizi ya miti iliyovikwa kuvu pasipo mti kudhurika. Alidai kuwa kuvu hizo huulisha mti. Wengi walimpinga, lakini leo inajulikana kuwa nyuzi za kuvu, zilizo nyembamba kuliko vinyweleo vya mizizi, hufika mbali kutafuta fosforasi na maji, nao mmea hulipa kwa sukari. Huko Puerto Rico miche ya misonobari ilidumaa kwa miaka mingi hadi ilipoletewa, katika miaka ya 1950, udongo wenye kuvu kutoka North Carolina.

Zipo kuvu zinazouvika mzizi kama ala ivikavyo upanga. Hizi huandamana na misonobari, mikaratusi na miti ya miombo ya Tanzania, na nyingi huchipuza uyoga mvua inyeshapo. Nyingine hupenya ndani ya seli na kujigawa vijitawi. Ndizo za mahindi, maharagwe na mihogo. La ajabu ni kwamba hizi za pili, ambazo spishi zake zilizotambuliwa ni mamia tu, huhudumia zaidi ya thuluthi mbili za spishi za mimea, ilhali za kwanza, zilizo maelfu, huhudumia takriban asilimia 2. (Sukuma wiki na kabichi, kwa kawaida, hazishirikiani na yoyote.)

Kwa hiyo "uyoga wa mizizi" ni istilahi potofu: kuvu za mahindi hazichipuzi uyoga. "Kuvu za mizizi" nayo humtaja mshirika mmoja tu. Frank aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kuvu na la mzizi, kwa kuwa alichokiita mykorrhiza si kuvu wala si mzizi, bali kiungo kilichozaliwa na vyote viwili. "Mikoriza" ni sahihi ila haimfumbulii mwanafunzi maana yake, "kuvumzizi" humfumbulia.