Koti la Mvua la Mvuvi: Ubora Hukaguliwa Kwenye Mshono

Katika Wilaya ya Nzega mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mapema Mei. Huo ndio msimu ambao malambo hujaa, mito inayoelekea bonde la Manonga hufufuka, na kambale hutoka topeni kuyafuata maji mapya. Kwa mvuvi wa Nzega, mavuno na mvua huja pamoja. Hawezi kungoja mbingu zitulie, kwa kuwa zikitulia kwa muda mrefu, maji nayo hupungua. Kwa sababu hiyo vazi la mvua ni zana ya kazi kama zilivyo ndoano, wavu na mtumbwi, nalo linastahili kuchaguliwa kwa uangalifu uleule.

Mara nyingi, hata hivyo, vazi hilo hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyobaki baada ya kununua nyavu. Wapo wanaojifunika mfuko wa sandarusi uliokunjwa mfano wa kofia, na wapo wanaonunua koti kwa kuvutiwa na mng'ao wake. Makala haya yanaeleza namna ya kulitambua koti bora kabla ya kulilipia, na mambo ambayo koti, hata liwe bora namna gani, haliwezi kumfanyia mvuvi.

Kwa nini mvuvi abaki mkavu

Nzega iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku na alfajiri, hata katika majira ya mvua, joto hushuka chini ya nyuzi 20. Baridi hiyo ni ndogo kwa mtu mkavu, lakini ni kubwa kwa mtu aliyelowa, kwa kuwa maji huondoa joto mwilini kwa kasi ipatayo mara 25 kuliko hewa. Upepo ukiongezeka, mwili hupoa upesi zaidi. Vidole ndivyo hufa ganzi kwanza. Mvuvi hushindwa kufungua fundo, kafi humponyoka, na kusimama ndani ya mtumbwi huwa kazi nzito. Akianguka majini katika hali hiyo, anaanguka akiwa ameshapungukiwa nguvu za kujiokoa.

Somo la kale kuhusu mshono

Mwaka 1823, Charles Macintosh wa Glasgow, Uskoti, alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya matabaka mawili ya nguo. Kitambaa chenyewe hakikupitisha maji. Washonaji walipokishona, kila tundu la sindano likawa mlango wa maji. Huko Norway, nahodha wa meli Helly Juell Hansen alianza mwaka 1877 kutengeneza mavazi ya mabaharia kwa kitani kilicholowekwa mafuta ya mbegu za kitani. Tangu siku hizo vitambaa vimebadilika mno, lakini tatizo la tundu la sindano limebaki lilelile. Makoti mengi yanayovujisha leo hayavujishi katikati ya kitambaa. Huvujisha begani, kwapani na kwenye zipu, mahali ambapo vipande viwili vimeunganishwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza dukani ni kuligeuza koti ndani nje. Mishono ya koti bora huwa imezibwa kwa utepe uliobandikwa kwa joto juu ya nyuzi zote, au vipande vyake huwa vimeyeyushwa na kuunganishwa bila uzi. Ikiwa nyuzi zinaonekana wazi na hakuna utepe, koti hilo litafaa manyunyu ya njiani, wala si kazi ya saa nne ziwani au lamboni.

Majaribio manne kabla ya kulipa

La kwanza ni la mwanga. Mnunuzi aliinue koti mbele ya jua na kutazama kutoka ndani. Vitundu na nyufa zitaonekana kama nyota ndogo. Jaribio hili ni la lazima kwa makoti ya mitumba, ambayo mara nyingi huwa yamechakaa kwenye mikunjo.

La pili ni la maji. Kwa ruhusa ya muuzaji, sehemu yenye mshono ikunjwe mfano wa bakuli, itiwe kikombe cha maji, na iachwe kwa dakika kumi huku mkono ukiibonyeza kwa chini. Mkono ukibaki mkavu, mshono ni mzima.

La tatu ni la kazi. Mnunuzi alivae koti juu ya nguo zake za kawaida, achuchumae, ainue mikono na kuivuta kana kwamba anavuta wavu. Koti lisibane mabega wala kuacha kiuno wazi. Mikono iwe na lastiki au kifungo cha kubana kifundoni, kwa sababu maji ya wavu unaovutwa hutiririka kuelekea kwapani.

La nne ni la kuvua. Koti liweze kufunguliwa kwa mkono mmoja, upesi, bila kutazama. Koti linalovuliwa kwa tabu nchi kavu litavuliwa kwa tabu kubwa zaidi ndani ya maji.

Baadhi ya makoti huwa na lebo yenye namba kama 3,000, 5,000 au 10,000. Namba hizo ni milimita za kimo cha maji ambacho kitambaa kilistahimili kabla ya kuanza kuvujisha. Namba ikiwa kubwa, kitambaa ni imara zaidi. Lakini kipimo hicho ni cha kitambaa, hivyo hakiondoi haja ya kukagua mshono.

Aina, umbo na rangi

Koti la plastiki nzito halipitishi maji kabisa na bei yake ni nafuu, ila ni zito, hutoa jasho jingi, na hupasuka likianikwa juani mara kwa mara. Koti la nailoni lililopakwa utando kwa ndani ni jepesi na hukunjika vizuri, ila utando huo hubanduka likihifadhiwa likiwa bichi. Yapo pia makoti yanayozuia mvua na kupitisha mvuke wa jasho. Hayo ni ghali, na yanahitaji kutunzwa yasipate tope na mafuta.

Kuhusu umbo, koti fupi pamoja na suruali yake hufaa zaidi kuliko koti refu la bodaboda, ambalo pindo lake hunasa miguuni na kwenye ndoano. Kofia ya koti iwe na kamba ya kubana, isizibe macho pembeni. Kuhusu rangi, njano, chungwa na kijani kinachong'aa huonekana mbali, ilhali buluu na kijani cheusi hupotea majini. Mvuvi ajiepushe pia na mavazi yanayofanana na sare za jeshi, kwa kuwa raia haruhusiwi kuyavaa.

Mabuti ya mpira yawe na nafasi kidogo, ili yaweze kuvuliwa kwa kusukumwa na mguu wa pili. Maji yakijaa ndani ya buti humzuia mtu kupiga miguu na humlemea anapojaribu kupanda mtumbwini.

Lisichoweza koti

Koti la mvua si jaketi okozi. Hakuna koti, hata la bei kubwa, litakalomwelesha mtu aliyechoka. Jaketi okozi livaliwe juu ya koti na lifungwe mikanda yote. Likivaliwa chini ya koti halionekani, na koti huwa kizuizi. Kina cha lambo kisimdanganye mtu. Maji ya kimo cha kifua na tope la magotini yanatosha kumnasa mtu mzima.

Koti pia halizuii radi. Juu ya maji yaliyo wazi, mtu aliye mtumbwini ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mvuvi aelekee nchi kavu, aingie ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa, na angoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Asijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Ni busara kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kutoka nyumbani.

Matunzo

Baada ya kazi, koti lisuuzwe kwa maji safi ili kuondoa tope na magamba, kisha litundikwe kivulini hadi likauke pande zote mbili. Lisikaushwe karibu na moto. Tundu kwenye vazi la mpira huzibwa kwa kiraka na solusheni ya fundi baiskeli, lakini vazi la plastiki huhitaji gundi ya plastiki, kwa kuwa kiraka cha kawaida hubanduka.

Huduma za Halmashauri

Wananchi wanaohitaji ushauri kuhusu zana halali, leseni na usalama wa uvuvi wanahimizwa kumwona Afisa Uvuvi katika Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyojishughulisha na uvuvi au ufugaji wa samaki vinaweza kupata kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata maelezo ya kujisajili na kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Kikundi kinapoandaa mchanganuo wa fedha hizo, makoti ya mvua na majaketi okozi yaorodheshwe pamoja na nyavu, kwa kuwa wavu uliopotea hununuliwa mwingine, na mvuvi aliyepotea hana mbadala nyumbani kwake.