Kifaa Kimegoma: Tuanzie Wapi?

Somo letu linahusu vifaa vidogo vya nyumbani vinapogoma. Hapa Kisanga, kupeleka kifaa kwa fundi Mikumi kunahitaji nauli, na kununua kipya ilhali cha zamani ni kizima ni israfu. Basi tujifunze kuchunguza kwanza.

Kanuni ni mbili. Tuanze na sababu nyepesi, na tubadilishe jambo moja tu kwa wakati. Tukibadilisha mawili pamoja, hatutajua lipi lilikuwa tatizo.

KIPANYA CHA KOMPYUTA
Kilibuniwa Marekani miaka ya 1960 na Douglas Engelbart, na cha kwanza kilikuwa kijisanduku cha mbao. Vingi vya siku hizi hutambua mwendo kwa mwanga ulio chini yake. Mshale usiposogea:
1. Tuchomoe waya na kuuchomeka kwenye tundu jingine. Kama hakina waya, tutazame swichi na betri.
2. Tukigeuze na kufuta vumbi kwenye kitundu cha mwanga kwa kitambaa kikavu.
3. Tukiweke juu ya daftari, kwani meza ya kioo huuchanganya mwanga.
4. Tukijaribishe kwenye kompyuta nyingine. Kikifanya kazi huko, ubovu uko kwenye kompyuta ya kwanza. Kikigoma na huko, basi ubovu ni wake.

TOCHI NA REDIO
Tuhakikishe alama za + na - zimekaa mahali pake. Tusichanganye betri mpya na zilizochakaa, kwa sababu zilizochakaa huisha mapema na kuvuja. Tukiona unga mweupe, tutoe betri, tufute kwa kitambaa chenye siki kidogo, tukaushe, kisha tunawe mikono.

VIFAA VYA UMEME WA UKUTANI
Hapa ndipo mpaka wetu. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230, nao unaua. Kwa pasi, birika au chaja, kazi yetu ni kuzima swichi, kuchomoa plagi kwa mikono mikavu na kutazama kwa macho tu. Tukiona waya uliochubuka au kusikia harufu ya kuungua, tusiguse. Tumwite mkubwa azime swichi kuu, kisha aitwe fundi. Televisheni ya chogo tusiifungue kamwe, maana huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

ZOEZI
1. Kwa nini tunabadilisha jambo moja kwa wakati?
2. Chaja haipeleki moto. Utajuaje kama ubovu ni wa chaja au wa soketi bila kufungua chochote?