Bei, Mzunguko na Faida

Ndugu wafanyakazi wa maduka ya Asiatique, Bujumbura, mara nyingi tukidai nyongeza ya mshahara tunajibiwa: "Bei tumeshusha, faida hakuna." Basi tujifunze hesabu hii.

Tuchukue mfano wa maduka mawili ya vitenge, kila moja lina mtaji wa faranga 1,000,000. La kwanza linauza mali yote kwa 1,300,000, lakini inakwisha baada ya miezi 6. Kwa mwaka mtaji unazunguka mara 2. Faida ni 600,000. La pili linauza kwa 1,100,000 tu, na mali inakwisha kila mwezi. Mtaji unazunguka mara 12. Faida ni 1,200,000, kabla ya kutoa kodi ya duka, ushuru na mishahara.

Lakini bei ikishuka na wateja wasiongezeke, mali ikakaa miezi 6 ileile, duka la pili litapata 200,000 tu.

Ndugu, mzunguko hauji wenyewe. Ni sisi tunaofungua marobota na kuuza mara 12 badala ya 2. Siku ya mazungumzo, tusiulize faida ya kitenge kimoja tu. Tuulize pia: mtaji umezunguka mara ngapi?