Kwa nini maji ya visima vya mafuta ni magumu kuchuja

Swali: Huku Muscat tunakunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mbona maji yanayotoka na mafuta kule Texas hayasafishwi vivyo hivyo, badala ya kurudishwa ardhini?

Jibu: Chumvi yake imezidi mno. Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35. Ya visima vingi vya bonde la Permian, Texas na New Mexico, hupita 100. Mitambo ya bahari husukuma maji kwa presha yapenye utando, chumvi ibaki nyuma. Kadiri chumvi inavyoongezeka ndivyo presha inavyopanda, na ikifika gramu 70 hivi kwa lita, tando za kawaida hushindwa.

Njia ninayoitilia matumaini ni kukeneka kwa utando. Maji ya moto, nyuzi 60 hadi 80, hupita upande mmoja wa utando usiolowa. Mvuke pekee hupenya vitundu vyake na kugeuka maji upande wa pili wenye baridi. Joto linalopotea viwandani laweza kutumika. Adui mkubwa ni mafuta: yakiugusa utando, vitundu hulowa na maji ya chumvi hupita moja kwa moja. Ndiyo maana kwanza hewa hupulizwa chini ya tangi, vipovu vikapanda na matone ya mafuta, yakaenguliwa juu.

Hata hivyo, usiyamimine maji yaliyopatikana kikombeni. Amonia na benzini huvukiza pia, zikapenya pamoja na mvuke. Mimi ningedai zipimwe kabla maji hayajafika hata shambani.